Petu Aingie Chomboni kwa Miguu Yake

Mnakuja hapa barazani kwangu na watoto wa watu mgongoni, mnaniuliza swali lile lile: Bibi, mtoto wa miaka miwili ukisafiri naye mbali, ubebe nini? Mnataka nitaje nepi, chupa na biskuti. Nitavitaja. Lakini siku hizi hamuulizi jambo la kwanza, kwamba mtoto mwenyewe anasafiri na nani.

Mnacheka. Chekeni tu, meno bado mnayo. Mimi Biti Mshamu nimelea watoto wa wenzangu tangu nikiwa mwali wa juzi juzi pale Kitangari mpaka mgongo ulipokataa. Nimelea wa Wazungu wa boma, wa Wahindi wa dukani na wa makarani weusi wenye tai. Sikupoteza hata mmoja, na hilo nalisema kwa kujisifu. Ila yuko mmoja ambaye alinusurika kwa namna ambayo hadi leo siielewi, na nikiikumbuka, hata jua likiwa utosini, mikono inanisisimka.

Jina lake Perpetua. Sisi tulimwita Petu. Baba yake alikuwa karani wa boma la Newala, wakati ule Mwingereza angali anapandisha bendera yake kila asubuhi. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana, ndiyo maana wakahitaji yaya. Wote wawili walikuwa watu wa Lulindi, Wakristo wa misheni tangu kwa bibi zao. Mimi Mwislamu. Hawakunisumbua na dini yangu, nami sikuwasumbua na yao, ila niliwaambia siku ya kwanza kwamba nguruwe mwitu akiletwa jikoni, atapikwa na huyo aliyemleta.

Newala mnaijua kwa maji. Wakati ule yalikuwa shida zaidi ya sasa. Wanawake waliteremka bondeni na mitungi, wakapanda nayo ule mlima hadi shingo zikafupika. Nyumbani kwa karani palikuwa na pipa moja la maji lenye kufuli, na ufunguo Mama Petu aliuvaa shingoni pamoja na msalaba wake. Mtoto alioga kwa kata. Kwa hiyo ninyi mnaobadilisha nepi na kuzitupa, hamjui mlichosamehewa. Mimi nilikata kaniki kuukuu, na mtoto akianza kukaa tu nilimpigia mluzi kila alipoamka na kila alipokula, akazoea kukojoa kwa mluzi. Shida ni kwamba Mwingereza mmoja pale boma alipenda kupita akipiga mluzi, na Petu hakujua kubagua.

Basi mwaka huo Baba Petu akapata likizo. Akarudi kutoka ofisini, akavua viatu, akasema, "Tunakwenda Unguja."

"Nani amefariki?" nikauliza.

"Hakuna aliyefariki, Biti Mshamu. Tunakwenda kupumzika."

Hilo lilinishinda. Mtu anasafiri ili akapumzike, na kitanda amekiacha nyumbani? Lakini alikuwa na sababu nyingine, nayo alikuwa akiisema polepole. Bibi mzaa baba yake, Bibi Majaliwa wa Lulindi, alivushwa bahari na kupelekwa Unguja akiwa mtoto wa utumwani. Wamisheni wakampata huko, wakamlea na kumsomesha, kisha wakamrudisha bara, ndipo ukoo wao ukaanzia Masasi. Baba Petu alitaka kuliona kanisa ambamo bibi yake alibatizwa, na alitaka mke wake na mtoto wake walione pamoja naye. Nilimwelewa.

Mipango ikaanza. Hapa ndipo nilipoyatumia yale aliyonifundisha Mama Sofia, yaya wa zamani wa pale boma, mwanamke mkali ambaye hata Mzungu wake alimwamkia kwanza. Mama Sofia alinifundisha kwamba shuka analolalia mtoto usilifue kabla ya safari, hata likinuka. Mtoto akilala ugenini, harufu ile ndiyo nyumba yake. Akanifundisha pia kwamba siku ya lori mtoto asipewe maziwa wala ndizi, apewe uji mwepesi wa mtama wenye tangawizi. Hilo la ndizi nilikuwa nimelipuuza mwaka mmoja kabla, na mtoto wa watu akaitapikia kanzu ya shehe mmoja tuliyepanda naye, kutoka kola hadi pindo. Tuliendelea na safari tukiwa tumebanana naye hadi Masasi, hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Shuka, mtama, tangawizi, chupa ya maji yaliyochemshwa, korosho za kukaanga za wakubwa. Nikafikiri nimemaliza. Baba Petu akaenda Lulindi kumuaga bibi yake, na aliporudi alikuwa na neno.

"Bibi amekubali," akasema. "Ila ametukumbusha mwiko wa nyumba yetu. Mtoto wa kwetu habebwi kuingia chomboni. Anaingia kwa miguu yake na anatoka kwa miguu yake. Asipoweza, abaki."

Aliyasema akicheka, kama wanavyocheka watu waliosoma. Lakini nilimwona anavyozungusha kofia mikononi. Mama Petu hakucheka kabisa. Akaniambia, "Kuna aliyebebwa zamani, Biti Mshamu. Hakurudi."

Sasa Petu alikuwa mtoto wa kubebwa. Mzito kama gunia la muhogo, miguu anayo, lakini akiona ngazi ya barazani anainua mikono na kusubiri mgongo wa mtu. Nikachukua ubao, nikauegemeza kwenye ngazi, nikawa nampandisha na kumshusha kila alasiri. Alilia. Alikaa chini. Alijifanya amekufa. Nilimwekea korosho juu ya ubao, akanitazama hadi nikaila mwenyewe. Niliona kwamba likizo itatushinda kwa sababu ya ubao.

Kisha alasiri moja nimekaa napepeta mchele, nikamwona anapanda. Peke yake, bila kulia. Nikafurahi, halafu furaha ikanikauka. Mkono wa kulia ulikuwa umeinuliwa kidogo pembeni, na vidole vimefumba, kama amemshika mtu. Ubao ulikuwa na upana wa kutosha, lakini yeye alitembea ukingoni kabisa, amembakizia mwenzake nafasi.

"Petu, unacheza na nani?"

"Huyu," akasema.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Akiomba maji, nikimpa, anarudisha kikombe: "Na huyu." Uji, na huyu. Kipande cha muhogo, na huyu. Watoto wana michezo yao, nimeona mingi, kwa hiyo nilijaza kikombe cha pili bila maneno. Lakini Newala kikombe cha maji si mchezo, na Mama Petu akaanza kuona pipa linashuka.

Siku moja akatoka shule akanikuta nimesimama katikati ya chumba. Sakafu ya saruji ilikuwa kavu, kiangazi kimeshika, na juu yake palikuwa na alama za nyayo zenye maji. Nyayo ndogo, zinatoka mlangoni hadi kwenye sanduku letu la bati la safari. Petu alikuwa amelala kitandani, miguu yake mikavu ina vumbi.

"Umefungua pipa," akasema.

"Ufunguo si uko shingoni mwako, Mama Petu?"

Akaushika. Ulikuwepo. Akachuchumaa, akagusa unyayo mmoja kwa kidole, akakipeleka ulimini. Nikamwona anavyobadilika uso.

"Ni ya chumvi," akasema.

Kutoka pale hadi baharini ni safari ya lori ya kutwa. Nilichukua kitambaa nikafuta, maana sikujua kazi nyingine ya kufanya. Ninyi mkishikwa na hofu mna simu ya kumpigia mtu. Mimi nilikuwa na kitambaa.

Mama Petu alitaka safari ivunjwe. Baba Petu akasema watoto wa jirani wametuchezea. Wakabishana kwa sauti ya chini, mpaka wakakubaliana kwamba tutapita Lulindi na Bibi Majaliwa ndiye atakayeamua. Tukaondoka na mizigo yetu yote, huku kila mtu akijua kwamba tunaweza kuishia hapo.

Bibi Majaliwa alikuwa amekaa juu ya kitanda cha kamba ndani ya chumba chake, macho yameshazima, mdomo bado unafanya kazi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba moja kwa wote, kisha akamgombeza mjukuu wake kwa kunyoa ndevu. "Nikikupapasa nitajuaje kama ni wewe au dada yako?" Tukacheka. Akamwita Petu, akampapasa kichwa, mashavu na mabega. Halafu mkono wake ukashuka pembeni, mahali ambapo hapakuwa na kitu, ukatulia kwenye kimo cha kichwa cha mtoto mdogo zaidi.

"Na huyu," akasema, "mbona ana baridi?"

Hatukuwa tumemwambia neno.

Ndipo akatusimulia. Alipofikishwa pwani na waliomnunua alikuwa amembeba mdogo wake wa kiume. Yeye aliambiwa atembee, akatembea ndani ya maji hadi chomboni. Mdogo wake akanyakuliwa kutoka mgongoni mwake na mtu mmoja, akabebwa juu kwa juu, akaingizwa chombo kingine. "Alikuwa ananitazama," akasema. "Hakulia, maana alidhani ananifuata." Hakumwona tena. Na jina lake amelisahau. Uso anao, sauti anayo, hata ule uzito wake mgongoni anao, lakini jina limekataa, na kila mwaka wa Mungu amelitafuta.

"Mtoto akibebwa hajui alikopita," akasema. "Atarudije?"

Mama Petu alikuwa amemkumbatia Petu. "Bibi, nisamehe. Amekuja kumchukua mwanangu?"

"Sijui, mama. Hakuwa mtoto mbaya. Lakini amepotea muda mrefu, atashika mkono wowote atakaoupata."

"Basi hatuendi."

"Mkibaki atawakalia humo humo ndani, maana ameshaijua nyumba. Mkienda, huenda akarudi na ninyi mpaka hapa." Sauti yake ikapungua. "Mimi sina siku nyingi."

"Mwanangu si chambo, Bibi," akasema Mama Petu, na machozi yakamtoka kwa hasira. Sikuwahi kumsikia akimjibu mkubwa. Baba Petu alitazama chini. Yule bibi hakukasirika, mkono wake ungali pale pale hewani. Kisha akatuambia la kufanya: Petu asibebwe, na mkono wake wa pili ushikwe wakati wote na mtu aliye hai.

Mama Petu aliiacha chai yake hadi ikapoa. Halafu akanigeukia mimi. "Biti Mshamu. Utamshika?"

Nilitaka kusema mimi nimeajiriwa kuosha nepi. Nikasema, "Nitamshika."

Lindi tulifika asubuhi na tulikuta bahari imekupwa. Hamkuiona Lindi ya wakati ule. Meli ilikuwa imetia nanga mbali, mashua ikasogea hadi ilipogusa mchanga, na kutoka pwani hadi kwenye mashua abiria walibebwa mgongoni na wachukuzi. Wote, hata bwana mkubwa. Mama Petu akapandishwa mgongoni mwa mzee mmoja mwenye kifua kipana, Baba Petu akakunja suruali na kwenda mwenyewe na sanduku. Mimi nilikuwa nimemshika Petu mkono wa kushoto, tumeanza kukanyaga maji.

Nikasikia mkono umenitoka. Kijana mmoja mchukuzi, mwenye nia njema kabisa, alikuwa amemnyakua Petu kwa nyuma na kumweka begani, anakwenda naye mbio huku anamwimbia. Wala hakuwa na kosa, ndiyo kazi yake. Petu alinyoosha mkono wa kulia nyuma, kuelekea ufukweni, akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtoto: "Huyu! Huyu!" Nikageuka. Pale pwani mchanga ulikuwa laini, na alama ndogo za nyayo zilikuwa zinakuja kwenye maji, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyekuwa akizikanyaga.

Nikakimbia. Sijui mbio zile nilizitoa wapi. Nilimfikia yule kijana maji yakiwa magotini, nikaikamata nguo yake ya msuli aliyojifunga kiunoni, nikamwambia amshushe mtoto sasa hivi au abaki kama alivyozaliwa mbele ya abiria wote. Watu wakaangua kicheko. Akamshusha, mkono mmoja umeshika msuli wake. Maji yalimfika Petu kifuani.

"Tutatembea," nikamwambia. Nikamshika mkono wa kushoto kwa nguvu. Yeye akageuka nyuma, akangoja. Nikahisi mwili wake unavutwa kidogo upande wa pili, kama mtoto anavyovutwa na mwenzake anayejikwaa. Kisha akaanza kutembea. Maji yalikuwa ya vuguvugu, lakini upande wake wa kulia yalikuwa ya baridi, nilipomvuta yakanipitia miguuni. Nilisoma kila aya niliyoijua. Wale watu bado walikuwa wanacheka.

Tukafika. Nahodha wa mashua alikuwa mtu mzima wa Lindi, hatujuani, hajui Lulindi wala Newala. Akainama, Petu akakanyaga ukingo kwa mguu wake mwenyewe, akaingia. Nahodha akanyoosha tena mkono kwenye maji, akanitazama kwa kukosa subira.

"Haya, huyu amepanda. Nipe na mwenzake basi, si unaona maji yanamfika shingoni?"

Kicheko kikakatika. Nilimtazama Mama Petu, amekaa ndani ya mashua, amesikia. Alikuwa na haki ya kusema tusukume chombo, tuondoke. Sisi wote tungemtii. Alimtazama mwanawe, na mwanawe alikuwa bado amenyoosha mkono kuelekea majini, analia bila sauti.

Mama Petu akamsogeza nahodha kwa bega. Akainama ukingoni, akatumbukiza mkono.

"Panda, mwanangu," akasema. "Polepole. Panda mwenyewe."

Mashua ikalala upande kidogo, kisha ikakaa sawa.

Unguja tulikaa vizuri, sitaki mseme nimeficha. Kanisa tuliliona. Baba Petu alioga baharini amevaa soksi, akiogopa kaa. Petu alilala kwenye shuka lake lenye harufu ya Newala, hakusumbua. Kila tulipokaa kula, Mama Petu mwenyewe alijaza vikombe viwili kabla hajaombwa. Cha pili hakikupungua, ila ukikionja kilikuwa na chumvi. Mkono wa kushoto wa mtoto haukukosa mtu, nikichoka mimi anashika mama yake. Hatukuzungumza juu ya jambo hilo hata mara moja.

Siku ya kurudi Lindi Petu alikuwa amelala fofofo, na Baba Petu kwa kuzoea akamwinua. Mimi na Mama Petu tulisema "Mshushe" kwa pamoja. Nikamwamsha, akanuna, akashuka kwa miguu yake, maji ya magoti, ananung'unika kwa usingizi. Mkono wa kulia ulikuwa umemshika mwenzake. Moyo wangu uliingiwa na baridi na faraja kwa pamoja, msiniulize vipi.

Bibi Majaliwa tulimkuta amelala, hasemi na watu tangu juzi yake. Tulipoingia tu alisogea ukutani, akainua pindo la kanga aliyojifunika, kama unavyomfungulia mtoto nafasi. Petu akaniachia mkono. Akaenda kitandani, akainua ule mkono wake wa kulia, akaufungua kidole kwa kidole.

Bibi akashusha kanga, akaizungushia kitu. Akataja jina, la Kiyao, kwa sauti ya msichana mdogo. Nililisikia vizuri. Sitalitaja hapa, si langu. Alizikwa wiki ile ile, na waliomwosha walisema mikono yake ilikataa kunyooshwa, tukamwacha alivyokumbatia.

Lakini siku ile, kabla ya hayo, Petu alifuta kiganja kwenye gauni lake, akanijia pale mlangoni karibu na mtungi.

"Maji," akasema.

Nikajaza vikombe viwili kama kawaida. Akanywa chake chote, akanirudishia. Nikangoja neno lake. Alikuwa ameshamwona kuku, akatoka nje kumfukuza, mikono yote miwili inapepea.

Mama Petu akakichukua kile kikombe cha pili mkononi mwangu. Akakitazama muda mrefu, kisha akakionja.

"Ni matamu," akasema, na akakaa chini pale kizingitini, akalia.